FLAC, WAV au MP3: albamu ya kwaya tuiweke kwenye flashi kwa fomati gani?

kwaya_isevya (Tabora)

Wakuu, salaam.

Albamu ya kwaya imekamilika, nyimbo 10, kila mmoja unakaribia dakika 5. Studio imetukabidhi WAV za biti 24 na 48 kHz, faili moja linacheza kwenye MB 86. Tutauza kwenye flashi za GB 8 hapa mjini, Urambo na Kaliua, na mzigo mwingine utapanda treni kwenda Kigoma. Nakala chache ni za redio. Wanunuzi wengi wana sabufa zenye tundu la flashi, redio za magari na simu.

Kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka FLAC kwa kuwa haipotezi kitu. Wapo wanaosema MP3 ya 128 (kilobiti kwa sekunde) yatosha, hakuna sikio litakalojua. Studio yenyewe inasema MP3 ya 320 na WAV ni kitu kimoja. Nani yuko sahihi, na ninyi mngeweka nini?

La pili: nyimbo mbili zina kayamba na makofi mfululizo. Kwenye WAV ziko safi kabisa. Zikibanwa kwa 128, kayamba inageuka kama dagaa wanaokaangwa. Kosa liko wapi?

La tatu: albamu yetu ya zamani imebaki MP3 za 128 tu, masta (rekodi za asili za studio) hazipo tena. Tukizigeuza kuwa FLAC zitarudi hali ya mwanzo?

Nawasilisha.

mzee_wa_besi

Mkuu weka 128 ulale. Sabufa ya dukani haijui FLAC wala flani. Watu wanataka besi tu.

fundi_mwanga (Kigoma)

Mzee wa besi, kuhusu besi uko sahihi kuliko unavyodhani, nitalirudia. Kwanza tutenganishe mambo ambayo kamati imeyachanganya.

WAV ni namba tupu, hazijabanwa. Masta yenu ina sampuli 48,000 kila sekunde kwa kila upande, kila sampuli biti 24. Zidisha kwa pande mbili, unapata kilobiti 2,304 kwa sekunde. CD ni sampuli 44,100 na biti 16, yaani kilobiti 1,411.

FLAC inachukua namba hizohizo na kuzikunja. Inakisia sampuli inayofuata kutokana na zilizotangulia, halafu inaandika ule upungufu wa makisio tu, ambao huwa namba ndogo na hukaa nafasi ndogo. Ukifungua, kila namba inarudi mahali pake. Muziki wa ubora wa CD kwa kawaida hushuka hadi kati ya nusu na theluthi mbili ya WAV. Za biti 24 hazishuki vizuri hivyo, kwa sababu zile biti za chini kabisa ni mvumo wa vifaa, na mvumo haukisiki. Zile daraja za FLAC, 0 mpaka 8, hubadilisha muda wa kukunja na ukubwa wa faili. Sauti ni ileile. Mtu akikwambia FLAC ya 8 ina sauti nzito kuliko ya 5, mpe maji anywe.

MP3 haikunji, inatupa. Inaugawa wimbo katika vipande vya sampuli 1,152, inapima masafa yaliyomo, kisha inatumia mfano wa usikivu wa binadamu kuamua kipi sikio halitakinasa kwa sababu kimefunikwa na sauti kubwa ya jirani. Hicho kinaandikwa kwa kukadiria, au kinaachwa kabisa. Kilichotupwa hakirudi. Kwa 128 mnabaki na sehemu moja kati ya kumi na nane za data ya masta yenu. Kwa 320 ni moja kati ya saba.

Kwa hiyo studio ikisema 320 na WAV ni kitu kimoja, kwa data si kweli. Kwa sikio ni karibu kweli, watu wengi kwa nyimbo nyingi hawatazitenganisha. Lakini faili likienda kufanyiwa kazi nyingine, kama kubanwa tena, kuchanganywa upya au kupitishwa kwenye mitambo ya redio, kile kilichotupwa kinaanza kudaiwa.

Sasa kayamba. Kosa si la studio. Kayamba na makofi ni vishindo vifupi vinavyoanza ghafla na kujaza masafa yote ya juu kwa mpigo, kama mvumo uliokatwakatwa. Kosa la kukadiria la MP3 husambaa ndani ya kipande kizima, na kwa 48 kHz kipande ni milisekunde 24. Pigo likiangukia katikati, uchafu unatangulia kusikika kabla ya pigo lenyewe. Sikio linasamehe uchafu unaofuata nyuma ya kishindo, ule unaotangulia mbele halisamehi. MP3 ina dawa yake: ikiona kishindo inabadili kipande kirefu kuwa vifupi vitatu. Tatizo ni kwamba vipande vifupi vinakula biti nyingi, na kayamba haipumziki, inapigwa mwanzo hadi mwisho. Kwa 128 akiba ya biti inaisha mapema, kinachofuata ni dagaa wako.

Waimbaji wa kwaya nao wanachangia. Sauti arobaini zinazoimba pamoja hazifuniki kayamba kama gitaa la besi na ngoma zingeweza kufanya, wala kayamba haizifuniki wao. Programu inalazimika kubeba vyote viwili. Mtu mmoja na gitaa kwa 128 anapita vizuri tu. Kwaya yenye kayamba haipiti.

Besi ndiyo inayoumia kidogo kuliko vyote. Masafa ya chini yana data kidogo na MP3 huyahifadhi vizuri hata kwa 128. Mwenye sabufa iliyofunguliwa besi hadi mwisho na tribo imezimwa kweli hatasikia kitu, mzee wa besi kashinda hapo. Ila flashi hiyohiyo itachomekwa kwenye gari au kompyuta yenye hedfoni.

Halafu tazameni hesabu ya nafasi, maana ndiyo inayomaliza ubishi wa kamati. Nyimbo 10 za dakika 5 kwa 128 ni MB 48. Kwa 320 ni MB 120. Flashi ni GB 8. Mnataka kuiharibu kayamba ili kuokoa MB 72 ambazo hamna cha kuzijaza?

Kwa flashi za kuuza ningeweka MP3 ya 320 isiyobadilika. Ile ya kubadilika ya LAME (programu ya kutengenezea MP3), daraja V0, huwa wastani wa kilobiti 245 na kwa sikio ni sawa tu, faili ni dogo kidogo. Lakini baadhi ya sabufa na redio za zamani zinakosea kuhesabu dakika zake, na ukipeleka mbele zinaruka pasipo mpango. Hapa nafasi si tatizo, kwa hiyo hakuna sababu ya kujitafutia lawama za wanunuzi.

Amri kwa wenye ffmpeg (programu ya kugeuza fomati za sauti):

ffmpeg -i 01.wav -af volume=-1dB -ar 44100 -c:a libmp3lame -b:a 320k -id3v2_version 3 01.mp3

Ile -1dB ina sababu. Masta za siku hizi zinagusa dari ya 0 dB. MP3 ikifunguliwa, vilele havirudi palepale, vingine vinavuka dari na kukatwa, na unasikia mkwaruzo kwenye sauti za juu za soprano. Desibeli moja ya nafasi huondoa sehemu kubwa ya hilo. Ile 44100 ni tahadhari kwa vifaa vya bei nafuu; MP3 ya 48 kHz ni halali kabisa kwenye kanuni, lakini 44.1 haina kifaa kinachoikataa. Na msipitishe WAV kwenye biti 16 kabla ya kubana. LAME inapokea biti 24 moja kwa moja, kupunguza kabla ni kuongeza hatua ya bure.

AAC, fomati ya mafaili ya M4A, kwa 128 ingetenda vizuri zaidi kuliko MP3 ya 128 kwa kayamba, vipande vyake vifupi ni vifupi zaidi na ina mbinu ya kuzuia uchafu usitangulie. Opus, fomati nyingine ya aina hiyo, ni bora zaidi hata kwa 96, ndiyo inayobeba sauti za WhatsApp mnazotumiana kila siku. Lakini chomeka faili la Opus au M4A kwenye sabufa ya kawaida uone: ama linarukwa au kioo kinaganda.

La tatu kwa ufupi: hapana. MP3 ya 128 ikigeuzwa FLAC inakuwa faili kubwa mara kadhaa lenye sauti ileile ya 128. Hatua hiyo ina maana pale tu mnapoihariri, mathalani kupunguza mvumo au kusawazisha masafa. Hapo matokeo yahifadhiwe kama FLAC ili yasibanwe mara ya pili. Kama ni kukata mwanzo na mwisho tu, mp3DirectCut inakata bila kubana upya. Kama ni kuinua au kushusha sauti, MP3Gain hufanya hivyo kwa hatua za desibeli 1.5 bila kugusa data ya muziki.

bluetooth_tu

Mnazunguka sana. Tofauti ya FLAC na MP3 naisikia wazi kwenye spika yangu ya Bluetooth, FLAC ina uhai. Wekeni FLAC.

sikio_la_gongoni (Tabora)

Ndugu, spika ya Bluetooth ndiyo mahali pagumu kuliko pote pa kufanyia ushahidi huo.

Simu haitumi FLAC hewani. Inaifungua, halafu inaibana upya kwa kodeki (kanuni ya kubana) ambayo simu na spika zimekubaliana. Ya lazima kwa vifaa vyote vya kusikilizia muziki ni SBC, na katika kiwango chake cha juu cha kawaida inabeba kilobiti 328 kwa sekunde. Spika za bei ya chini hukubaliana kwa kiwango cha chini ya hapo. LDAC, kodeki nyingine, inafika 990 mawimbi yakiwa mazuri, nayo bado haifikii 1,411 ya CD. Kwa hiyo unacholinganisha ni FLAC iliyobanwa mara moja na MP3 iliyobanwa mara mbili. Kama MP3 yako ilikuwa ya 128, naam, mbano wa pili unaweza kuifichua. Kama ilikuwa ya 320, nashuku kitu kingine: ukubwa wa sauti.

Hapa ndipo watu wengi wanajidanganya bila kujua. Faili likiwa juu kwa sehemu ndogo tu ya desibeli, ubongo hausemi «lina sauti kubwa», unasema «lina uhai». FLAC ya mtu mmoja na MP3 iliyopakuliwa kwingine mara nyingi hazitoki kwenye masta moja, na hata kimo cha sauti hakilingani.

Namna ya kupima kwa haki: chukua WAV moja, itengenezee MP3 kutoka hapohapo, wala usipakue ya mtu. Kwenye kompyuta ya Windows weka foobar2000 (programu ya kuchezea muziki) na kiongezo chake cha ABX. Pakia mafaili yote mawili, weka alama ya kusawazisha kimo cha sauti. Utapewa A na B unazozijua, na X ambayo hujui ni ipi. Chagua kipande cha sekunde 5 mpaka 10 penye tabu, na kwa wimbo wa kwaya_isevya ni pale kayamba inapoingia peke yake kabla ya waimbaji. Jibu mara 16. Ukipata 8 ni kama unarusha shilingi. Ukipata 12 au zaidi, uwezekano wa kubahatisha uko chini ya asilimia 4, hapo tutakusikiliza. Tumia hedfoni za waya, na pumzika katikati, sikio likichoka linaanza kuchagua ovyo.

Anzeni na 128, wengi wenu mtaipata kwa kayamba. Kisha 192. Kisha 320 ndipo mabishano ya kamati yatakapokufa yenyewe.

Angalizo moja, maana mkuu mmoja atakuja nalo: kuna watu huchukua WAV na MP3, wanageuza mawimbi ya moja juu chini kwenye Audacity na kuzijumlisha, halafu wanacheza kinachobaki na kusema «tazameni muziki wote uliotupwa». Kwa FLAC jaribio hilo ni zuri, kinachobaki ni kimya kitupu, sampuli kwa sampuli. Kwa MP3 halisemi mnachodhani. Kinachobaki kinasikika kwa sababu umeondoa sauti iliyokuwa inakifunika. Na faili la MP3 husogea kidogo mwanzoni, mara nyingi sampuli 1,105 likipitia LAME, programu isiposawazisha hapo utasikia karibu wimbo mzima na kupata kiwewe cha bure.

bluetooth_tu

Kurusha wimbo kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu nako kunapunguza ubora?

sikio_la_gongoni (Tabora)

Hapana. Kurusha faili na kusikiliza ni mambo mawili tofauti. Faili linalorushwa linafika kama lilivyo, biti kwa biti, iwe kwa Bluetooth, Xender au waya. Mbano upo pale simu inapoipigia spika. WhatsApp tumeni kama hati badala ya kulichagua kama sauti, linafika lilivyo, na mwisho ni GB 2 kwa faili. Kinachoharibu ni kurekodi video ya skrini, au kuchukua wimbo kwenye video na kuupitisha kwenye tovuti za kugeuza. Kule sauti imeshabanwa kwa AAC au Opus, kwenye kilobiti 128 hadi 160. Tovuti inaigeuza «MP3 320», bando linaliwa zaidi na sauti imebanwa mara ya pili.

meza_ya_miksa (Kigoma)

Hakuna aliyegusa redio, na pale ndipo 320 isitumike kama ipo njia nyingine.

Hoja inayotolewa ni kwamba FM ya stirio inaishia 15 kHz, kwa kuwa kwenye 19 kHz kuna ishara ya kuwaongoza wapokeaji wa stirio, kwa hiyo MP3 yoyote inatosha. Kuishia 15 kHz ni kweli. Lakini kabla ya mnara, sauti hupita kwenye mtambo unaobana tofauti ya kimo: unashusha makubwa na kuinua madogo, bendi moja moja. Mpango mzima wa MP3 ulikuwa kuficha uchafu chini ya sauti kubwa. Mtambo ukiinua bendi ya juu peke yake, unaufunua uchafu uleule. Na iwapo sauti inasafiri kutoka studio hadi mnarani kwa kiungo kinachobana, huo ni mbano mwingine juu ya mbano. Kayamba ya 128 ikitoka hewani inakuwa mvua juu ya bati.

Wapeni WAV ya biti 16, 44.1 kHz. Kupunguza kutoka 24 kwenda 16 kunahitaji kuongezwa mvumo mdogo sana wa makusudi, la sivyo mikia ya sauti inayofifia, kama «amina» ya mwisho, inakwaruza. Programu ya Sox inauongeza yenyewe:

sox 01.wav -b 16 01_redio.wav gain -1 rate -v 44100

Waulizeni kwanza programu yao ya kupangia nyimbo inasoma nini. Kama inapokea FLAC pelekeni FLAC, haina tofauti kwa sauti, na jina la wimbo na la kwaya hukaa ndani ya faili vizuri kuliko kwenye WAV. Mtangazaji akifungua faili linaloitwa «mix final 3» hawezi kujua ataje kwaya gani.

Na masta zenyewe zitunzeni kama FLAC za biti 24 na 48 kHz kama zilivyo, bila kupunguza chochote:

flac -8 -V 01.wav

Ile -V inafungua kila inachokunja na kulinganisha papo hapo. Ndani ya FLAC kuna muhuri wa MD5 wa sauti yote. Miaka ijayo mkiandika flac -t 01.flac itawaambia kama biti moja imeoza. WAV haina kitu hicho. Ikiharibika katikati inapiga tu kelele na hakuna anayejua ilianza lini. Nakala mbili kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti. Albamu ya zamani iliyobaki kwa 128 ilifika hapo kwa kukosa hilo.

kanda_na_santuri (Tabora)

Nadandia uzi kidogo kwa wenye kanda za zamani, maana Tabora zimo nyingi kabatini, za bendi za hapa: Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe. Hesabu za hapo juu zinabadilika.

Kanda ina mvumo wake wa asili, na mvumo ndicho kitu kigumu kuliko vyote kwa kila fomati. FLAC haiwezi kuukisia, kwa hiyo faili linabaki kubwa kuliko la muziki safi. MP3 ya 128 inatumia biti kwa mvumo badala ya gitaa, na mvumo unaanza kuzunguka kama maji ya bombani. Usibane kanda kwa 128 ya stirio.

Rekodi nyingi za zamani ni mono. Ukiingiza kwa dekki ya stirio unapata pande mbili zenye muziki mmoja na mvumo tofauti. Ziunganishe ziwe upande mmoja: mvumo unapungua, FLAC inashuka karibu nusu, na MP3 ya 128 ya mono inakuwa na biti zote kwa upande mmoja, sawa na kumpa kila upande alichokuwa akipata kwenye 256. Lakini kabla ya kuunganisha nyoosha hedi, kile kichwa kinachosoma kanda. Kuna skurubu ndogo ubavuni mwa hedi yenye springi. Safisha hedi kwa pamba na spiriti, piga kanda ukisikiliza kwa mono, zungusha skurubu taratibu, robo kwa robo, hadi tribo iwe kali kuliko popote. Hedi iliyopinda inafanya upande mmoja uchelewe kidogo, na ukiunganisha pande zilizochelewana masafa ya juu yanauana. Watu wanailaumu MP3 kwa wepesi wa tribo wakati kosa ni skurubu.

Rekodi kwa biti 24, vilele viishie kwenye -6 dB, hifadhi FLAC isiyoguswa, kisha safisha mvumo kwenye nakala.

Na mkiuziwa «FLAC halisi» ya bendi hizo, ifungueni kwenye Spek. Inachora masafa. Kanda hufifia pole pole kuelekea juu. Ukiona ukuta ulionyooka kwenye 16 kHz, mtu alichukua MP3 ya 128 akaivalisha koti. Ukuta kwenye 20 kHz mara nyingi ni ya 320. Lakini msimhukumu mtu kwa picha peke yake: iliyorekodiwa kutoka FM itaishia 15 kHz kihalali. Na ukuta wenyewe sio unaoudhi sikio. Wengi wetu tuliovuka miaka 40 hatusikii tena vilivyo juu ya 15 au 16 kHz. Unaoudhi ni uchafu ulio chini ya ukuta.

kwaya_isevya (Tabora)

Asanteni sana wakuu. Kamati imekubali 320 kwenye flashi, WAV ya biti 16 kwa redio, FLAC kabatini. Tumeshajaza flashi kumi za majaribio, mambo mawili yametokea. Sabufa moja inaanza na wimbo wa 7, kisha wa 2, ingawa tumeandika namba. Na flashi mbili, nyimbo za mwisho zinakatika katikati. Kwenye kompyuta ya kujazia zilipiga vizuri mara tu baada ya kunakili. Pia: kuna mjumbe anataka folda ya FLAC iwekwe humohumo kwa wenye vifaa vizuri.

fundi_mwanga (Kigoma)

Mpangilio: sabufa nyingi hazisomi majina, zinafuata mpangilio ambao mafaili yaliandikwa kwenye flashi. Ukichagua yote kumi na kunakili kwa mpigo, kompyuta inaweza kuyaandika kwa mpangilio wake. Fomati flashi upya kwa FAT32, nakili moja moja kuanzia 01, au nakili yote halafu endesha programu ya FATSort ipange upya. Kwa flashi nyingi, tengeneza moja iliyo sahihi, ijaribu kwenye sabufa na kwenye gari, kisha zalisha nyingine kwa taswira kamili ya hiyo badala ya kunakili mafaili. Majina yawe mafupi, bila alama za ajabu. Picha ya jalada ndani ya faili iwe JPEG, ukubwa wa 500 kwa 500 yatosha. Picha ya MB 4 inafanya redio ya gari ifikirie sekunde kadhaa kabla ya kila wimbo.

Nyimbo kukatika: zilipiga vizuri kwa sababu kompyuta ilikuwa bado imezishika kwenye kumbukumbu yake, haikusoma flashi yenyewe. Ama flashi ilichomolewa kabla haijamaliza kuandika, au ni feki, kioo cha kompyuta kinasema GB 8 na ndani mna pungufu. Mafaili yenu ni MB 120 tu, kwa hiyo feki ya kawaida isingewakamata mapema hivi. Nashuku zaidi kuchomoa haraka, au umeme kuyumba katikati. Hata hivyo zipimeni: H2testw kwa Windows au F3 kwa Linux inajaza flashi nzima na kuisoma tena. Inachukua muda, pimeni chache kutoka kila katoni kabla ya kumlipa muuzaji salio.

Baada ya kujaza, ondoeni flashi kwa njia salama, chomekeni upya, ndipo mlinganishe na mafaili ya asili. Kwa Windows, fc /b 01.mp3 E:\01.mp3, ikisema hakuna tofauti imepona.

Folda ya FLAC humohumo, msiweke. Kuna sabufa zinazoingia kila folda na kuganda kwenye faili zisilolielewa, na mama wa Kaliua hatajua kwamba tatizo ni folda ya mjumbe. Atasema flashi ya kwaya ni mbovu. Anayetaka FLAC aandikiwe yake, biti 16 na 44.1, maana FLAC ya 24 na 48 nayo kuna redio za gari zinazosoma FLAC lakini zinaikataa.

mzee_wa_besi

Sawa, 320. Ila hiyo -1dB si itafanya flashi yetu iwe chini kuliko za kwaya nyingine?

fundi_mwanga (Kigoma)

Kwa desibeli moja. Mzee, zungusha kitasa.